Siku Kifaduro Alipopona

Mliniacha ndani ya banda la kuku la mama, pikipiki imenilalia mapajani, jogoo amesimama juu ya tanki anawika kama vile ndiye aliyeiendesha.

Kwa aliyechelewa kujiunga na aibu zangu, nafupisha. Mimi ni Rogers wa Tlawi, Mbulu. Kidato cha nne nimemaliza, akili ninazo, ila matumizi yake ndiyo bado nayatafuta. Mjomba wangu Yohanes ni katekista, na alikuwa na pikipiki kuukuu ambayo watu wote waliiita Kifaduro, kwa sababu haikunguruma kama pikipiki za wenzake. Ilikohoa. Mara tatu fupi, kisha moja ndefu ya kuvuta pumzi. Ikipanda mlima, hata mtu aliye ng'ambo ya bonde alitamani kuipelekea chai ya tangawizi.

Mjomba alipochoka kuhangaika na petroli, nikajitolea kuigeuza iwe ya umeme. Sikuwahi kugeuza hata feni. Lakini kwenye simu niliona video ya bwana mmoja anayefunga nyaya bila kusema neno, anapanda, anaondoka. Nikasema kama huyu ameweza akiwa amenyamaza, mimi mwenye mdomo huu nitashindwaje.

Vitunguu saumu vyangu vya msimu mzima vikaenda Arusha, vikarudi vikiwa mota ya kukaa ndani ya gurudumu la nyuma. Nikaifunga. Nikavuta mafuta, maana mkono bado nauita hivyo ingawa mafuta hayapo tena, ili niende mbele. Ikaenda nyuma. Moja kwa moja hadi kwa kuku.

Hapo ndipo tulipoachana.

"Rogers," mama alisema akiwa mlangoni pa banda, "unatoka humo au nikuletee pumba?"

Nikatoka. Nikatoa yai mfukoni, nikamkabidhi, nikarudi kwenye nyaya.

Kosa lilikuwa la kitoto. Mota ina nyaya tatu nene, njano, kijani na bluu. Kontrola nayo, yaani kile kisanduku kinachoipimia mota umeme, ina zake tatu za rangi hizo hizo. Mimi nikaunganisha njano na njano, kijani na kijani, bluu na bluu, kama mtoto mwema wa darasa la awali. Kumbe vitu hivi vilitoka maduka mawili, na njano ya huku haikuwa na undugu wowote na njano ya kule. Nikapishanisha nyaya mbili, nikanyanyua gurudumu, nikavuta mafuta.

Likazunguka mbele.

Nilicheza. Nilicheza peke yangu mpaka mbuzi wa jirani akaja kusimama pembeni kuangalia.

Sasa niwaambie jambo ambalo mjomba hakulijua, na ndilo lililonipeleka nilikopelekwa. Wakati natoa injini, mjomba aliniambia neno moja tu: "Hiyo injini uitunze. Umeme wako ukigoma, Kifaduro anarudi kazini." Nikamwambia iko chini ya kitanda changu, nimeifunga ndani ya gunia.

Gunia lipo kweli. Ndani yake kuna jiwe la bibi la kusagia.

Injini ilikuwa Basotu, kule Hanang, kwa Octavian, tuliyesoma naye. Yeye alikuwa na betri zilizoachwa na mradi uliofunga virago, na alikuwa na pikipiki isiyo na injini. Mimi nilikuwa na injini, na pikipiki isiyo na betri. Kubadilishana kulichukua muda mfupi kuliko salamu.

"Ila isionekane huku kwetu," nilimwambia.

"Haitavuka Hanang, naapa," alisema Octavian. "Itakuwa inanipeleka ziwani na kunirudisha, basi."

Nikamwamini. Nawaamini watu wengi.

Basi asubuhi iliyofuata baada ya mambo ya kuku, nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia umewavamia kuku."

"Nilikuwa najaribu gia ya nyuma, mjomba."

"Pikipiki haina gia ya nyuma."

"Ndiyo maana hata mimi nilishangaa."

Mjomba hakucheka. Mjomba huwa hacheki Kwaresima. Akasema, "Natalia wa Mzee Bura."

Kwa Natalia nilikuwa nimeshazama siku nyingi, lakini kwetu huendi kwa baba wa binti ukajisemea mwenyewe kama unanunua sabuni. Unatafuta mtu mzima anayeheshimika akakusemee. Na hakuna aliyeheshimika kuliko mjomba.

"Mama yako ameniambia," akaendelea. "Nitakwenda kukusemea. Lakini nitakwenda kwa hicho chombo chako. Kikinifikisha kwa Bura bila mimi kushuka kusukuma, nafungua mdomo. Nikisukuma hata kidogo, naongea habari za mvua, nakunywa chai, narudi nyumbani."

Nikalala na betri chumbani ili zisishikwe na baridi. Nilizifunika shuka. Mimi nilijifunika koti.

Jumamosi tukaondoka. Mjomba si mtu mwembamba. Alipokaa nyuma, pikipiki iliinama kama inasujudu, ikatulia, kisha tukaanza kuteremka.

"Washa basi," akasema mjomba.

"Imeshawaka, mjomba. Tunakwenda."

Akatazama chini, akaona barabara inapita. "Makubwa," akasema taratibu.

Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa rozari yake ikigonga vifungo vya koti. Tulimpita mama mmoja amebeba majani ya ng'ombe, akasikia upepo, akageuka, akamwona katekista anaelea. Mzigo ukaanguka. Tuliwapita vijana waliokuwa wanacheza karata wameipa barabara mgongo, mjomba akawaambia "Jambo vijana" masikioni kabisa, na karata zikaruka kama kumbikumbi.

"Kumbe njia hii ina ndege," alisema mjomba. "Miaka yote hii sikuwahi kuwasikia."

Akaanza kuimba. Wimbo ulikuwa wa Kwaresima, wa majonzi, lakini aliuimba kwa kasi ya harusi.

Mlima wa kwa Mzee Bura ndipo nilipoanza kusali kwa dhati. Mwendo ulipungua. Ukapungua tena. Kondoo mmoja alitupita, akageuka kutuangalia, akasikitika. Mota ilianza kutoa harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Mjomba alinyoosha mguu kuelekea chini.

"Usikanyage, mjomba."

"Sikanyagi. Naunyoosha tu."

Tukafika juu. Mguu haukugusa ardhi. Nilitaka kulibusu lile sanduku la betri, lakini lilikuwa la moto.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku zote mjomba alipofika pale, Mzee Bura alimpokea langoni. Koti safi limefungwa vifungo vyote, kiti kimewekwa, rozari mkononi. Mjomba alimsifu kila kanisa aliloingia. "Bura ni mtu wa sala," alikuwa anasema. "Sijawahi kumkuta bila rozari." Ndiyo maana akawa mwenyekiti wa kigango, yaani kanisa dogo la mlimani pale. Na Jumatano ya Majivu mwenyekiti huyo alisimama mbele ya waumini wote akatangaza kwamba pombe ameiweka chini hadi Pasaka.

Siku hiyo langoni hapakuwa na mtu.

"Labda yuko nyuma," mjomba akasema. Tukazunguka nyumba.

Mzee Bura alikuwa amekaa juu ya debe lililogeuzwa, amefumba macho, kibuyu kimesimama wima mdomoni. Kwenye ukuta nyuma yake palikuwa na msumari. Kwenye msumari lilining'inia koti safi, na juu ya koti, rozari. Vyote vimepangwa tayari, kama vifaa vya zimamoto.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema mjomba.

Mzee Bura hakutema. Lazima nimpe heshima yake. Alimeza yote, taratibu, akashusha kibuyu, akafungua macho. Masharubu yalikuwa meupe kwa povu.

"Milele na milele, amina," akasema. Halafu akauliza, "Katekista, umepita wapi?"

"Njiani."

"Mbona Kifaduro sijamsikia?"

"Amepona," alisema mjomba.

Niliuma mkono wa koti langu. Nilitazama bati la nyumba, nikatazama mbuzi, nikatazama kila kitu kisichokuwa masharubu.

"Huu ni uji," alisema Mzee Bura.

"Naona."

"Wa ulezi."

"Ulezi hutoa povu zuri," alisema mjomba. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kunisemea pale pale kwa sauti ya upole, kana kwamba kibuyu hakipo. Alisema mimi ni kijana wa kazi. Alisema nina ufundi. Alisema sinywi, na hapo Mzee Bura akakohoa kidogo.

Alipomaliza, mzee alinigeukia. Kumkasirikia mjomba asingeweza. Nilikuwa nimebaki mimi.

"Wewe ndiye uliyemponya Kifaduro?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nikiwa na umri wako, watu waliofika hapa bila kusikika walikuja kuchukua ng'ombe. Wewe unafika bila kusikika, na unataka binti."

"Ningepiga hodi, mzee, ila mjomba alitangulia."

"Kigango hiki hakina kengele. Kengele yetu ni Kifaduro. Mama aliye shambani akimsikia ng'ambo ya bonde anaacha jembe, ananawa, anakuja sala. Vijana wanaficha karata. Kila mtu anapata nafasi ya kujiandaa." Aliposema kujiandaa, jicho lake lilikwenda kwenye msumari likarudi. "Kesho ni Jumapili ya Matawi. Nataka kumsikia Kifaduro akipanda mlima huu. Nikimsikia, Natalia tunazungumza. Nisipomsikia, wapo wengine wanaomuulizia, na hao wanapiga honi tangu bondeni."

"Hilo ni dogo," mjomba akasema, akiwa na furaha ya mtu mwema. "Injini ipo. Rogers ameitunza chini ya kitanda. Si ipo, Rogers?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, ndugu zangu. Ningesema ukweli nikapigwa kofi moja, yakaisha.

"Ipo kwenye gunia, mjomba," nikasema.

Natalia nilimkuta mlangoni pa jiko, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na mbavu kwa mkono mwingine. Alikuwa amecheka mpaka machozi yamechora njia kwenye majivu ya mashavuni.

"Umemfumania baba yangu," alisema.

"Mjomba ndiye aliyemfumania. Mimi ni dereva."

"Haya dereva, kairudishe injini. Mbona umesimama?"

Nikamweleza. Octavian, betri, Basotu, jiwe la bibi. Aliacha kucheka. Halafu akaanza upya.

"Kwa hiyo unataka kunioa kwa jiwe."

"Ni jiwe zuri, Natalia."

"Nyamaza nifikiri. Mmoja wetu lazima afikiri." Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni. "Baba amesema anataka kumsikia. Hakusema anataka kumwona tumboni."

Kwenye simu alikuwa na video ya siku aliyopata kipaimara. Kwaya inaimba, lakini kwaya haisikiki. Kinachosikika ni mjomba anafika amechelewa nyuma ya kanisa. Tatu fupi, moja ndefu. Tatu fupi, moja ndefu. Safi kabisa.

Spika akaipata kwa binamu yake Urban, anayeuza dawa ya panya minadani, kuanzia Getanuwas hadi huku juu. Mnazijua zile spika zenye mdomo kama ua la boga, unarekodi maneno mara moja, zenyewe zinarudia kutwa nzima. Natalia akarekodi kikohozi juu ya tangazo la Urban, tukasikiliza nyuma ya zizi.

Ng'ombe wote waligeuza vichwa kutazama njia.

"Imekubali," alisema Natalia.

Jumapili asubuhi nikaifunga spika chini ya tanki, nikaizungushia kanga ya mama isionekane. Mjomba alikuja amevaa kanzu nyeupe, akainama kusikiliza.

"Umeirudisha injini?"

"Kifaduro huyo, mjomba. Kohoa, Kifaduro." Nikabonyeza. Kikakohoa.

Mjomba alitabasamu, ila nilimwona anatazama ndege juu ya mti kwa huzuni kidogo.

Simu yangu ikaita. Octavian. Nikakata. Ikaita tena. Nikajua anataka kulalamika injini inavuja, na mtu anayekwenda kuoa hana muda wa mambo ya kuvuja. Nikaizima.

Tukapanda ule mlima, ndugu zangu, tunakohoa kama hospitali ya wilaya. Mambo yakawa kama zamani. Milango ikafunguka. Kina mama wakaacha masufuria, wakajifunga kanga. Watoto wakakimbia mbele yetu na matawi. Vijana wa karata walikuwa tayari wameshasimama pembeni ya njia, mikono imefungwa kifuani, sura za watakatifu.

Na mlangoni pa kigango alisimama Mzee Bura. Koti safi. Rozari. Masharubu makavu. Alikuwa amefumba macho anasikiliza, kama mtu anayesikia wimbo wa ujana wake.

"Huyo ndiye Kifaduro," alisema.

Nikasimamisha pikipiki mbele yake. Natalia alikuwa mstari wa kwanza wa kwaya. Akanikonyeza. Nikasikia mwili wote unakuwa mwepesi, ungenipuliza ningepaa.

Kikohozi kikakatika. Watu wakanyamaza. Mjomba akashuka, akanyoosha kanzu, akainua mkono.

"Tumsifu Yesu Kri..."

"Panya," ilisema sauti ya Urban kutoka chini ya tanki. "Mende. Kunguni. Viroboto. Wote wanakufa. Hata yule panya mkubwa anayejificha mchana, huyu naye anakufa."

Matawi yakasimama hewani.

"Usimfuge panya nyumbani. Panya anakunywa maziwa yako, anakula mahindi yako, mgeni akija anajificha."

Nikapiga tanki teke. "Anajificha," sauti ikarudia. "Anajificha."

Natalia alitoka mbio kwenye kwaya, akajitupa chini ya pikipiki na gauni lake jeupe, akavuta kanga, akaondoka na spika nzima mikononi. Ikanyamaza.

Nikamtazama Mzee Bura. Masharubu yalikuwa yanatetemeka. Nikajua nimekwisha. Kisha yakafunguka, na kikatoka kicheko ambacho sikujua kimo ndani ya mwenyekiti. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya kanisa. Kina mama wakacheka, watoto wakacheka, kwaya ikavunjika mistari. Hata mjomba, katikati ya Kwaresima, alijifunika uso kwa tawi lake na mabega yakawa yanaruka.

"Panya mkubwa," alisema Mzee Bura akifuta macho kwa rozari. "Huyo ni mimi. Haya. Mbele ya kanisa, huyo ni mimi. Nilisema nimeacha, na sikuacha."

Akasimama, akaja mpaka kwangu, akaniwekea mkono begani. Ulikuwa mkono mzito.

"Kijana, umenichezea, na nimecheka. Mtu anayenichekesha hivi nyumbani kwangu sitamfukuza. Lakini mimi nimesema ukweli wangu hadharani, na ni mtu mzima. Sasa na wewe useme mmoja, uchukue ulichokuja kuchukua. Kwa nini umeleta spika? Injini ya mjomba wako ipo, au haipo?"

Nilimtazama mjomba. Alikuwa bado ana tabasamu, uso umejaa imani, kama siku zote. Nikamtazama Natalia. Aliniashiria kwa kichwa taratibu, akisema kwa midomo tu, bila sauti: sema.

Na mimi nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo ili niseme.

"Ipo, mzee," mdomo ukasema. "Chini ya kitanda. Ni muda tu ulikuwa mdogo wa kuifunga."

Mzee Bura akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akanyoosha mkono wake kwa mjomba ili wapeane, na mjomba akanyoosha wake.

Mikono haikukutana.

Kwa chini, kwenye kona ya bondeni, kitu kilikohoa.

Tatu fupi. Moja ndefu.

Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja kumtazama Natalia na spika yake. "Zima hilo, binti," alisema Mzee Bura.

Natalia akainua mkono wa kulia, spika inaning'inia. Akainua wa kushoto, akafungua kiganja. Betri za spika zilikuwa pale, zote.

Mjomba alishusha mkono wake polepole. Alikuwa anasikiliza, kichwa amekiinamisha upande, kama baba aliyesikia mwanawe analia nyumba ya watu.

Kikohozi kikakata kona, kikaanza kupanda mlima.